Plastiki Ngumu, Ubongo Laini: Jinsi Seli Inavyopima Ugumu wa Mahali Ilipokaa

Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu seli za binadamu tuliyaona zikiwa zimekaa juu ya plastiki. Plastiki yenyewe ni polistireni, iliyofinyangwa kuwa kisahani cha maabara. Inapitisha mwanga vizuri chini ya hadubini, haivuji, na kiwandani uso wake hutibiwa kwa plazma ili uvutane na maji na seli ziweze kushika. Kwa miongo mingi kisahani hicho kilihesabiwa kuwa chombo tu cha kubebea. Mtafiti aliandika kwa makini aina ya seli, virutubishi, joto la nyuzi 37, kiasi cha dawa na saa alizosubiri. Ugumu wa plastiki haukuandikwa, maana hakuna aliyeuona kuwa sehemu ya jaribio.

Nao ni sehemu ya jaribio. Seli huvuta kile ilichokanyaga, hupima kinavyostahimili, kisha hubadilika kulingana na ilichopata: hujitandaza au hujikunyata, hugawanyika au hutulia, huanza kufanana na seli ya misuli au ya mfupa. Jambo hili halieleweki kwa kusoma fani moja. Mwanafiziolojia anajua kwamba ini lenye makovu ni gumu, mwanabiolojia wa seli anajua protini zinazoshika na kuvuta, na mtaalamu wa nyenzo anajua kutengeneza kitu chenye ugumu anaoutaka. Ilibidi watatu hao wakae meza moja ndipo kisahani kikaanza kutiliwa shaka.

Tuanze na ugumu wenyewe, kwa sababu kila kitu kinautegemea. Chukua kipande cha kitu ukivute. Gawanya nguvu uliyotumia kwa eneo la kipande hicho, halafu ugawanye tena kwa uwiano wa kilivyorefuka. Namba unayoipata inaitwa moduli ya Young, kwa jina la Thomas Young wa Uingereza, na kipimo chake ni paskali. Kitu laini kinarefuka sana kwa nguvu kidogo, kwa hiyo namba yake ni ndogo.

Ukizipanga tishu za mwili kwa namba hizo, tofauti ni kubwa ajabu. Ubongo uko karibu na kilopaskali 1, pengine chini ya hapo. Pafu lenye afya ni kama 2. Misuli iliyolegea inafika 10 hivi. Gegedu hupanda hadi mamia. Mfupa uliokomaa unaruka mbali kabisa, gigapaskali 15 hadi 20, yaani kilopaskali milioni 15 hadi 20. Polistireni ya kisahani ni kama gigapaskali 3. Seli iliyotolewa kwenye ubongo na kuwekwa kwenye kisahani imehamishiwa mahali pagumu kuliko kwao mara milioni tatu hivi, kisha sisi tukaandika kwamba tumeiangalia katika hali ya kawaida.

Kwanza ilipasa kuonyesha kwamba seli inavuta kweli. Mwaka 1980 Albert Harris na wenzake, nchini Marekani, walifanya jambo ambalo hadi leo naliona la werevu mkubwa kwa urahisi wake. Walimwaga mafuta mazito ya silikoni kwenye kioo, wakaupitishia uso wake mwali wa moto kwa muda mfupi sana. Joto likaunganisha tabaka la juu tu, likawa ngozi nyembamba juu ya kimiminika. Seli za tishu unganishi zilipowekwa juu ya ngozi hiyo, ngozi ikakunjamana chini yake. Mikunjo ilionekana wazi kwenye hadubini ya kawaida, bila rangi wala kifaa cha gharama. Seli ambazo kwenye kioo zilionekana zimelala kimya zilikuwa zikivuta muda wote. Kioo kilikuwa kigumu mno kuonyesha.

Mikunjo inakuambia kwamba seli inavuta. Haikuambii kama seli inajali jibu inalolipata. Swali hilo lilihitaji sakafu ambazo zingetofautiana kwa ugumu peke yake, na hapo kazi ikahamia kwa watu wa nyenzo.

Jibu lilikuwa poliakrilamaidi, jeli ambayo maabara za protini zilikuwa nayo tayari kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Utengenezaji wake unafaa kutazamwa kwa karibu. Unachanganya vimiminika viwili: akrilamaidi, ambayo hutengeneza minyororo mirefu, na bisi-akrilamaidi, ambayo huifunga minyororo hiyo pamoja kwa vifundo. Akrilamaidi mbichi ni sumu ya neva, kwa hiyo glavu hazivuliwi. Ikishaungana na kuwa jeli, sumu hiyo haipo tena, ila masalia yaliyobaki huoshwa mara kadhaa. Unaongeza kichochezi, na kuanzia hapo muda unahesabika. Unadondosha tone kwenye kioo kilichotibiwa ili jeli ing'ang'anie, unafunika kwa kioo kingine cha duara kilichotibiwa ili isishike, tone linatandaa kuwa tabaka jembamba, unasubiri kama nusu saa. Kisha unatia ncha ya koleo ukingoni mwa kioo cha juu na kukibandua polepole, ndani ya maji. Ukiharakisha, jeli laini inachanika, na kazi inaanza upya.

Ukiongeza vifundo, jeli inakuwa ngumu. Ukipunguza, inakuwa laini kama ubongo. Na poliakrilamaidi ina sifa moja muhimu kuliko zote: protini hazing'ang'anii kwake, wala seli haziishiki jeli hiyo hata kidogo zikiachwa zenyewe. Mtafiti ndiye anayebandika juu yake kolajeni, protini ya nyuzi inayoshikilia tishu za mwili, kwa kemikali inayowashwa na mwanga wa urujuanimno, kiasi kilekile kwenye kila jeli. Hivyo seli inakuta kolajeni ileile, virutubishi vilevile, joto lilelile. Kilichobadilika ni ugumu, angalau kwa mtazamo wa kwanza. Nitarudi kwenye hilo la "mtazamo wa kwanza", kwa sababu ndiko ubishi ulikozukia.

Robert Pelham na Yu-li Wang walichapisha matokeo ya jeli hizo mwaka 1997. Kwenye jeli laini, seli zilijitandaza kidogo na vishikizo vyake vilikuwa vya kuja na kuondoka. Kwenye jeli ngumu, seli zilitandaa, na vishikizo vikawa imara. Miaka mitatu baadaye, kundi lililomhusisha Wang huyohuyo liliunganisha jeli laini na ngumu zikapakana kwa mstari. Seli iliyotoka upande laini ilivuka mpaka bila shida na kutandaa upande mgumu. Iliyotoka upande mgumu ilifika mpakani, ikatoa sehemu yake ya mbele kwenye eneo laini, ikairudisha na kugeuka. Watafiti wakachukua sindano nyembamba sana na kuivuta jeli mbele ya seli. Seli ikaelekea kule jeli ilikovutwa. Hapakuwa na chakula wala homoni ya kuifuata.

Kisha ukaja mwaka 2006. Adam Engler, Dennis Discher na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichukua seli shina za uboho wa mifupa ya binadamu, seli ambazo bado zinaweza kufuata njia kadhaa za ukomavu. Waliziweka kwenye jeli za ugumu tofauti, katika kimiminika kilekile cha virutubishi. Baada ya wiki moja hivi, zilizokaa kwenye jeli ya kilopaskali 0.1 hadi 1, sawa na ubongo, zilitoa matawi na kuwasha jeni za seli za neva. Zilizokaa kwenye kilopaskali 8 hadi 17, sawa na misuli, zilirefuka na kuwasha jeni za misuli. Zilizokaa kwenye 25 hadi 40, ugumu wa mfupa mchanga kabla haujajaa madini, zilianza njia ya mfupa. Walipoizima miosini, protini inayovuta ndani ya seli, tofauti hizo zikatoweka. Seli isiyoweza kuvuta haikuweza kujua iko wapi.

Inafaa tusikuze matokeo haya kupita kiasi, kama wengi walivyofanya. Seli yenye matawi na jeni chache za neva si seli ya neva. Haijaonyesha kwamba inapitisha umeme na kuzungumza na jirani yake. Kilichoonyeshwa ni kwamba ugumu peke yake unaweza kuisukuma seli shina ielekee upande fulani. Hilo si haba. Kabla ya hapo, karibu kila mtu alidhani kazi hiyo ni ya homoni na kemikali nyingine zilizoyeyuka kwenye kimiminika.

Seli inawezaje kupima bila vidole wala neva?

Juu ya utando wake kuna protini zinazoitwa integrini. Zimeupenya utando: kichwa kiko nje kikishika kolajeni au protini nyingine ya nje ya seli, fibronektini, mkia uko ndani. Mkia unashikwa na protini nyingine ndefu, talini, na talini inashika nyuzi za protini ziitwazo aktini. Nyuzi hizo zinavutwa na miosini, ambayo ni ndugu wa ile inayokunja misuli yako. Kwa hiyo kuna mnyororo mmoja kutoka injini iliyo ndani ya seli hadi nyenzo iliyo nje yake.

Talini ndiyo inayostahili macho yetu. Shina lake limeundwa na mafundo 13 ya protini iliyojikunja, na ndani ya mafundo hayo zimefichwa sehemu 11 ambazo protini iitwayo vinkulini inaweza kuzishika. Talini ikiwa imetulia, sehemu nyingi kati ya hizo hazifikiki. Ikivutwa, mafundo yanaanza kufunguka, na lililo dhaifu kuliko yote hufunguka kwa nguvu ya pikonyutoni 5 hivi. Pikonyutoni moja ni sehemu moja ya trilioni ya nyutoni. Mwaka 2009 kundi la Armando del Rio na Michael Sheetz lilikifunga kipande cha talini kati ya kioo na ushanga mdogo wa sumaku, likakivuta, likahesabu molekuli za vinkulini zilizokuja kushika. Talini iliyovutwa ilipata vinkulini nyingi kuliko iliyoachwa. Mvuto uligeuka kuwa ujumbe wa kikemia mbele ya macho yao.

Lakini miosini inavuta kwenye jeli laini na ngumu vilevile, kwa nini talini ifunguke kwenye moja na isifunguke kwenye nyingine? Siri iko kwenye kasi. Mtu akivuta kamba gizani, hajui upande wa pili imefungwa wapi. Ikiwa imefungwa kwenye shina la mti mkubwa, kamba inakaza papo hapo na mikono inalemewa. Ikiwa imefungwa kwenye kitawi, anavuta na kuvuta, kitawi kinamfuata, na kamba inachelewa kukaza. Integrini nayo haishiki milele. Kila mshiko hudumu muda mfupi kisha huachia wenyewe. Kwenye sakafu ngumu, nguvu inapanda haraka, talini inafunguka kabla mshiko haujaachia, vinkulini inakuja, aktini zaidi inaunganishwa, na kishikizo kinakua. Kwenye sakafu laini, nguvu inapanda taratibu, mshiko unaachia kabla talini haijafunguka, na kila kitu kinaanza tena kutoka sifuri. Ni mashindano kati ya matukio mawili, na ugumu wa sakafu ndio unaoamua lipi litangulie.

Sasa habari ifike kwenye jeni. Mwaka 2011 maabara ya Stefano Piccolo, Chuo Kikuu cha Padova nchini Italia, ilionyesha kwamba protini mbili, YAP na TAZ, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya ujumbe huo. Kwenye sakafu laini zinabaki nje ya kiini cha seli. Kwenye sakafu ngumu zinaingia ndani ya kiini na kuwasha jeni za ukuaji na mgawanyiko. Baadaye, mwaka 2017, kundi la Barcelona likaongeza maelezo ninayoyapenda kwa sababu hayahitaji hata mjumbe wa kikemia: seli ikitandaa, nyuzi zake zinakibana kiini kinakuwa bapa, vitundu vya utando wake vinanyooshwa, na YAP inapita kwa urahisi zaidi.

Kuna mlango mwingine kabisa wa kuhisi mguso, na hadithi yake ni ya subira. Ilijulikana kwamba ukiisukuma seli fulani kwa ncha ya kioo, mkondo mdogo wa umeme unapita kwenye utando. Mfereji wa protini unaoupitisha haukujulikana. Bertrand Coste, katika maabara ya Ardem Patapoutian, taasisi ya Scripps huko California, aliorodhesha jeni 72 zilizoshukiwa, akazizima moja baada ya nyingine, kila mara akiisukuma seli na kusubiri mkondo. Mkondo uliendelea kutokea. Ulikoma alipofika kwenye jeni ya mwisho ya orodha. Mfereji huo ukaitwa Piezo1, na ndugu yake Piezo2. Habari zake zilichapishwa mwaka 2010, na mwaka 2021 Patapoutian akagawana Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba na David Julius. Piezo2 ndiyo inayotupa hisia ya mguso mwepesi na ya kujua mikono na miguu yetu iko wapi hata tukifumba macho. Piezo1 iko kwenye mishipa ya damu na chembe nyekundu, na inahisi utando unaponyooshwa.

Ubishi niliouahidi ulilipuka mwaka 2012. Britta Trappmann na wenzake walirudia wazo la ugumu, safari hii wakitumia silikoni pamoja na poliakrilamaidi. Kwenye poliakrilamaidi seli zilibadilika kama ilivyotarajiwa. Kwenye silikoni, ugumu ulipotofautishwa kwa kiwango kikubwa, seli hazikuonyesha tofauti. Hoja yao ilikuwa nzito: ukipunguza vifundo vya poliakrilamaidi, hulainishi tu, unapanua na matundu yake, na kolajeni iliyobandikwa juu inapata sehemu chache za kushikilia. Pengine seli ilikuwa inahisi kolajeni inayolegalega, wala si jeli laini.

Mwaka 2014 kundi la Engler likajibu kwa kutengeneza jeli ambazo matundu yake yalitofautiana huku ugumu ukibaki palepale, na kinyume chake. Seli zikafuata ugumu. Kwa wengi hilo lilimaliza shauri, ingawa kwangu faida kubwa ya ubishi huo ni nyingine: ulilazimisha kila mtu akubali kwamba huwezi kubadilisha sifa moja ya nyenzo bila kugusa jirani zake. Anayesema "nimebadilisha ugumu tu" anatakiwa aonyeshe, na kuonyesha kunahitaji mtu anayeijua nyenzo.

Kisha ikaja habari ya muda. Poliakrilamaidi inafanya kama chemchemi: ivute, iachie, inarudi ilivyokuwa. Tishu za mwili hazifanyi hivyo. Ukizibonyeza na kushikilia, upinzani wake unapungua sekunde hadi sekunde, kwa sababu nyuzi zinateleza na kujipanga upya. Ovijit Chaudhuri, David Mooney na wenzao walitengeneza jeli za alginati, sukari ndefu inayotoka kwenye mwani wa kahawia, zenye ugumu uleule wa mwanzo lakini zinazolegea kwa kasi tofauti. Matokeo yao ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba seli shina zilizofungiwa ndani ya jeli inayolegea haraka zilitandaa na kutengeneza mfupa vizuri kuliko zilizofungiwa kwenye jeli isiyolegea. Kwa hiyo namba moja ya kilopaskali haitoshi kueleza sakafu, na namba zenyewe hutofautiana kulingana na kifaa kilichopima, ukubwa wa ncha yake na kasi yake ya kubonyeza.

Haya yote yangebaki mambo ya maabara kama mwili ungekuwa na ugumu usiobadilika. Lakini ugumu huo hubadilika. Unabadilika kwa ugonjwa.

Chukua ini. Ndani yake kuna seli za umbo la nyota ambazo, ini likiwa zima, hukaa kimya zikitunza vitamini A. Ini likijeruhiwa mara kwa mara, na pombe, virusi au mafuta, seli hizo zinageuka: zinaacha vitamini, zinapata nyuzi za kuvuta, zinamwaga kolajeni. Hapo ndipo kovu linapotokea. Zamani wengi waliona mpangilio huu: kovu kwanza, ugumu baadaye. Utafiti wa mwaka 2007 kwenye panya ulionyesha kwamba ini linaanza kuwa gumu kabla kolajeni haijajazana. Na ugumu huo unazigeuza seli za nyota, nazo zinaongeza ugumu, na mduara unazunguka.

Mduara huu una kipande kimoja kinachonistaajabisha kila nikikisoma. Ishara kuu ya kutengeneza kovu, protini iitwayo TGF-beta, imehifadhiwa kwenye tishu ikiwa imefungwa ndani ya kifurushi cha protini. Integrini zinaweza kukifungua kifurushi kwa kukivuta. Lakini kifurushi hufunguka pale tu upande wa pili unapogoma. Tishu ikiwa laini, kifurushi kinasogea pamoja na mvuto na kinabaki kimefungwa. Tishu ikiwa ngumu, kinapasuka na TGF-beta inatoka. Tishu ngumu, basi, inafungua ghala ambalo tishu laini haiwezi kulifungua kwa mvuto uleule.

Rudi sasa kwenye kisahani. Seli za nyota zikitolewa kwenye ini zima na kuwekwa kwenye polistireni, zinageuka zenyewe ndani ya siku chache, bila pombe, bila virusi. Ukijaribu dawa ya kuzuia kovu juu yake, unaijaribu kwenye seli ambazo plastiki imeshazisukuma kwa nguvu isiyokuwepo kwenye ini lolote, hata lililooza kwa makovu. Dawa nzuri inaweza kuonekana haifai. Dawa mbovu inaweza kuonekana inafaa. Sidai kwamba ndiyo sababu dawa nyingi za makovu zimeanguka. Sababu ni nyingi. Hata wazo lililotoka moja kwa moja kwenye elimu hii limeanguka: simtuzumab, kingamwili dhidi ya kimojawapo cha vimeng'enya vinavyofunga kolajeni pamoja na kuikaza, haikuleta faida kwa wagonjwa wa makovu ya mapafu wala ya ini. Mwili una njia zaidi ya moja za kukaza kolajeni.

Upande wa uchunguzi, mambo yamekwenda vizuri zaidi. Kipimo cha mtetemo kinachowekwa juu ya mbavu hutuma wimbi dogo ndani ya ini na kupima kasi yake, kwa sababu wimbi huenda haraka zaidi kwenye kitu kigumu. Ini zima kwa kawaida hupata chini ya kilopaskali 7. Lililofikia makovu makubwa mara nyingi huvuka 12. Wagonjwa wengi sasa huepushwa sindano ya kukata kipande cha ini.

Saratani ya matiti inafuata njia inayofanana. Uvimbe hugunduliwa kwa vidole kwa sababu ni mgumu kuliko tishu inayouzunguka. Valerie Weaver na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba seli za titi zinazojipanga vizuri kuwa vifuko vyenye uwazi katikati zikiwa kwenye jeli laini hupoteza mpangilio huo jeli inapokazwa, hukua na kuanza kupenya majirani. Ugumu hausababishi saratani peke yake, lakini haukai pembeni ukitazama.

Kwa wanaotaka kutumia seli kama tiba, swali limekuwa la vitendo kabisa. Seli chache hutolewa kwa mtu, huzidishwa maabara hadi mamilioni, kisha hurudishwa mwilini. Kuzidisha huko hufanyika juu ya plastiki. Maabara ya Helen Blau huko Stanford ilichukua seli shina za misuli ya panya na kuzikuza kwa wiki moja, nyingine kwenye plastiki, nyingine kwenye jeli ya kilopaskali 12, ugumu wa misuli yenyewe. Zilipopandikizwa, zile za jeli zilishika na kujenga misuli. Zile za plastiki zilikuwa zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo huo. Hiyo ilikuwa mwaka 2010.

Na seli haisahau upesi. Kundi la Kristi Anseth, Chuo Kikuu cha Colorado, lilitengeneza jeli inayolainika ikimulikwa, hivyo sakafu ilibadilishwa bila seli kuhamishwa. Seli zilizokaa kwenye ugumu kwa muda mfupi zilirudia hali yake ya awali, na YAP ikatoka kwenye kiini. Zilizokaa muda mrefu zilibaki na YAP ndani hata baada ya sakafu kuwa laini, kana kwamba bado ziko palepale. Matokeo hayo ya mwaka 2014 yanamaanisha kwamba siku ambazo seli imezimaliza kwenye plastiki ni sehemu ya historia yake, na zinaingia nayo kwenye jaribio linalofuata, au kwenye mwili wa mgonjwa.

Kwa nini basi plastiki bado inatawala? Kwa sababu jeli laini ni kazi. Zinachanika, zinakauka, ugumu wake hutofautiana kati ya mchanganyiko wa leo na wa kesho, na kutengeneza mita za mraba zinazohitajika kukuza seli za tiba ni tatizo la kiwanda ambalo halijapata ufumbuzi wa bei nafuu. Visahani vyenye jeli za kilopaskali zinazojulikana vinauzwa siku hizi, na vimesaidia. Msomaji wa utafiti wa seli anaweza kwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu na kutafuta mambo mawili: seli zilikaa juu ya nini, na kwa muda gani. Jaribio la dawa ya kuua bakteria huenda lisiathirike sana. Jaribio la kovu, la kusambaa kwa saratani, la seli shina au la misuli ya moyo linaweza kuanguka au kusimama kwa majibu ya maswali hayo.

Moyo ndio unaoonyesha kazi iliyobaki. Katika kiinitete, tishu itakayokuwa moyo huanza ikiwa laini, chini ya kilopaskali 1, kisha hukaza hadi kufikia 10 hivi ukubwani. Hakuna kisahani chenye namba moja kinachoweza kuiga safari hiyo. Jennifer Young na Engler walitengeneza jeli ya asidi ya hayaluroniki ambayo vifundo vyake huendelea kujifunga siku baada ya siku, ikakaza kwa mwendo unaokaribiana na wa moyo wa kifaranga. Seli changa za moyo zilizokuzwa juu yake zilikomaa vizuri kuliko zilizowekwa kwenye jeli isiyobadilika, hata pale jeli hiyo ilipokuwa na ugumu sahihi wa moyo uliokomaa.